Kiroba cha Dimbwi la Mchangani

Ngogo ukimtoa majini hulalamika. Si kelele kubwa. Ni mkwaruzo, kama mlango ambao bawaba zake hazijaonja mafuta tangu nyumba ijengwe. Huutoa kwenye miiba yake miwili ya ubavuni kwa kuizungusha ndani ya tundu zake, na ukimshika vibaya anakuchoma na kukulalamikia kwa wakati mmoja. Nina wateja wa namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafuata ngogo Kidodi na kuwauza Mikumi, wabichi asubuhi, wa kukaanga kuanzia mchana magari ya safari ndefu yanapoanza kusimama, na katika miaka yote hiyo haikunijia akilini kwamba wanapiga kelele hiyo hata wakiwa kwao, chini ya maji, bila mimi kuwepo.

Aliyeniambia ni binti mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuja mezani kwangu kiangazi cha mwaka juzi, viatu vimejaa vumbi jekundu, begi mgongoni kubwa kuliko mgongo wenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wabichi au wa kukaanga?”

“Sijaja kununua samaki. Natafuta sauti zao.”

Nilimtazama kwanza. Nimeshaulizwa vichwa vya supu, nimeulizwa mafuta ya kambale ya kuchulia goti, nimeulizwa mifupa ya kumpa paka. Sauti ilikuwa mara ya kwanza.

“Sauti siuzi rejareja,” nikamwambia.

Akacheka, akaigeuza ndoo yangu moja akaikalia, akanieleza. Maji ya Ruaha pale chini ya Kidodi yana rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha kidole hukioni tena. Ukitaka kujua samaki wanapenda kukaa wapi, njia ya kawaida ni kutega nyavu na kuhesabu maiti. Yeye alikuwa na njia nyingine. Anazamisha kinasa sauti, anakiacha kisikilize siku kadhaa, kisha anahesabu nani amesema wapi. Panaposikika samaki wengi, siku baada ya siku, ndipo wanapopapenda. Shida yake ni kwamba kompyuta ilimwonyesha kelele kama michirizi ya rangi, lakini haikujua upi ni ngogo na upi ni jiwe linaloviringika. Wavuvi wakamwambia kuna mama mmoja Mikumi anayemtambua ngogo akiwa amefumba macho.

Hapo hawakumdanganya. Mimi tenga nalipokea kwa mkono na kwa sikio. Ngogo aliyekufa jana halii, na anayeniletea huyo akidai ni wa leo anarudi naye.

Alitaka nisikilize saa mbili kila siku. Nikasema saa moja, maana meza haina mtu mwingine. Tukakutana kwenye saa moja na nusu, na kiti chenye egemeo, na chai. Alipokwisha kukubali nikamwuliza kama dakika za chai ziko ndani ya ile saa moja na nusu au nje.

“Ndani, mama.”

“Nje.”

“Basi nusu ndani.”

Nikampenda. Mtu anayekata nusu bila kununa unaweza kufanya naye kazi.

Sasa niseme kilichokuwa kinagombaniwa, maana mimi sikuwa shahidi asiye na upande.

Pale Kidodi mto unapunguza kasi mara mbili na kuacha madimbwi mawili yenye kina. La kwanza wavuvi wanaliita la Magogo. Mafuriko ya miaka ya nyuma yaliangusha miti ya ukingoni, nayo imelala humo na matawi yake na mizizi yake, na hakuna wavu unaopita bila kuacha nusu ya mwili wake. Huvuliwa kwa migono, ile mitego ya kusuka inayofanana na kikapu chenye koo jembamba. La pili ni la Mchangani: pana, wazi, chini mchanga mtupu. Bwana samaki, afisa uvuvi wa wilaya, alikuwa amewaambia wavuvi wachague moja lifungwe, samaki wazaliane kwa amani, na jingine libaki la kuvua.

Mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, mzee ambaye ameingia mto ule kabla ya wote waliopo, alikuwa na mpango wake. Lifungwe la Mchangani, la Magogo lisafishwe. Trekta lilikuwa limeshaahidiwa kutoka kwa mkulima mmoja wa miwa. Lingevuta magogo yote nje kabla ya mvua, na kuanzia hapo wangekokota wavu kama watu wengine.

Mpango huo ulinifaa mimi kuliko hata yeye. La Magogo liko hatua mia mbili na kumi kutoka barabarani. Nimezihesabu nikienda na nikirudi. Kurudi na tenga kichwani ni mia mbili na arobaini, kwa sababu mzigo unafupisha mguu. La Mchangani liko ng'ambo ya mashamba ya miwa, nusu saa kwa mtu asiyebeba kitu. Zaidi ya hapo, wavuvi wa Magogo ni watu wangu. Nawapelekea machicha ya komoni kutoka kwa akina mama wanaopika pombe. Wao wanayatia kwenye migono kuwa chambo, na mimi nachagua samaki kabla mchuuzi mwingine hajafika. Hatujawahi kuandikiana. Machicha yakifika, tenga langu linakaa mbele, basi. Dimbwi lile likifungwa, mimi napanga foleni Mchangani na wachuuzi ambao kwa miaka yote hiyo wameuona mgongo wangu tu.

Mtafiti alikuwa ameombwa kusaidia jambo hilo hasa: samaki wanakaa wapi zaidi. Wanapokaa zaidi ndipo pafungwe. Kwa hiyo nilitaka Mchangani pashinde. Sikumficha mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kuzamisha vinasa sauti nilimkuta mwenyekiti ameshafika, amesimama kando ya mtumbwi wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nasikia umeajiriwa serikalini.”

“Nimeajiriwa na ngogo.”

“Wakikulipa vizuri utuambie na sisi tuhame.”

Chombo chenyewe kilikuwa bomba la plastiki la ukubwa wa chupa ya chai, na waya mfupi wenye kidude cheusi mwishoni, kama kidole gumba. Wavuvi walikiita sikio kabla ya kuambiwa kinaitwaje, na jina likabaki. Mwenyekiti alikizunguka.

“Hili sikio linasikia mpaka wapi?”

“Pakiwa kimya, babu, mpaka ng'ambo,” binti akajibu.

“Basi tuongee taratibu. Humu kuna samaki nimewala wazazi wao.”

Magogo hapakuwa na kazi. Tulilifunga sikio kwenye gogo nene likakaa. Mchangani ndipo tulipotoka jasho: hakuna cha kufungia, mkondo unavuta, na kizito cha madini ya risasi alichokuja nacho binti kilikuwa kinaburuzwa kama kimeitwa mahali. Akauliza kama kuna mtu ana kiroba, tukijaze mchanga kiwe nanga. Mimi siku zote nina kiroba. Nilikitoa kwenye mzigo wangu, kiroba cha salfeti, cheupe, nilichokuwa nimekisuuza asubuhi ile ile. Nikakikung'uta mara mbili, tukakijaza, tukakifunga shingo, tukalifunga sikio juu yake, kikashuka na kutulia. Kila mtu alisifu. Mwenyekiti alisema hata ningemfunga yeye asingeelea.

Baada ya siku sita tulivitoa vyote viwili, na kazi yangu ikaanza. Nilikwenda kwenye baraza ya chumba alichopanga Mikumi saa nne asubuhi, nikishamaliza wabichi. Kiti kilikuwa na egemeo. Nilivaa zile spika za masikioni, na kwa dakika za mwanzo nilidhani ameniwekea mvua. Kumbe ni mchanga unaosogea, kama mchele unaopepetwa bila kukoma. Kisha ukaja mngurumo nikazivua spika upesi.

“Kiboko,” alisema, anacheka.

Chini ya maji kiboko anasikika kama lori la miwa linalobadilisha gia kilimani, na lori la miwa lenyewe, likipita barabarani, linasikika kama kiboko aliyekata tamaa. Perege dume akimfukuza mwenzake anapiga kama mtu anayegonga ndoo kwa kiganja. Halafu, katikati ya hayo yote, krrr. Kimya kidogo. Krrr, krrr.

“Ni yeye?” binti akauliza.

Ilikuwa sauti ile ile ya mkononi kwangu, ila laini zaidi, imepangika, kama mtu anayeongea na watu anaowafahamu. Miaka yote ile nilikuwa nimemsikia ngogo akiwa kwenye shida tu.

“Ni yeye,” nikasema. “Na hana haraka.”

Tulihesabu kwa vipande vya dakika tano. Mimi nilikuwa na mabakuli mawili na maharage; kila mkwaruzo, harage moja. Kipande kikiisha narudia kwenye bakuli la pili, na mabakuli yasipolingana narudia tena. Aliniwekea vipande bila kuniambia ni vya dimbwi gani, nisije nikapendelea. Wazo zuri, isipokuwa mchanga wa Mchangani unajitaja wenyewe mwanzo mpaka mwisho. Nilipendelea kimoyomoyo, lakini harage sikuongeza hata moja. Ukiniambia nina mdomo nitakubali. Ukiniambia nimehesabu vibaya tutakosana.

Wiki ya pili alijumlisha, akageuza kompyuta nione. Mchangani palikuwa na ngogo wengi kuliko Magogo.

“Sikutegemea,” alisema, anajikuna shingo. “Kwa kawaida wanapenda penye maficho.”

“Hata samaki wanapenda kubadilisha mazingira,” nikasema, nikarudi mezani kwangu mwepesi kama mtu aliyeshusha tenga.

Lakini nilikuwa na tabia yangu. Kesho yake nilimwomba aniwekee tena siku ya kwanza ya Mchangani, ile iliyojaa kupita zote. Maharage yalilingana, kwa hiyo safari hii sikuwasikiliza ngogo. Nilisikiliza kilichokuwa nyuma yao. Kulikuwa na kitu: kwaru, kwaru, tik, tik, kwaru. Binti aliniambia ameshakisikia na kukiandika kuwa takataka zinazogonga chombo. Mimi nilikijua. Ni sauti inayotoka chini ya meza yangu kila asubuhi, samaki wazima wakipapatika ndani ya kiroba cha salfeti. Ila hapa samaki walikuwa nje ya kiroba, wanakidonoa.

Nikamwomba anioneshe siku moja moja badala ya jumla. Mchangani: siku ya kwanza wamejaa, ya pili wengi, ya tatu wamepungua, ya nne mmoja mmoja, ya tano na ya sita ni mchanga tu unaongea peke yake. Magogo: kila siku sawasawa na jana yake, au karibu.

“Labda yule kiboko aliwafukuza,” alisema.

“Labda,” nikasema.

Kiroba nilikuwa nimeshakidai siku ile ile tulipovitoa vyombo. Sitoi kiroba kizima bure. Jioni ile, nikitoka kusikiliza, nilipofika nyumbani nilikitafuta nikakigeuza ndani nje. Kwenye pindo la chini, pale kinaposhonwa mara mbili, kulikuwa na mstari wa machicha ulioganda, mweusi, unanuka uchachu hata baada ya siku sita za mto. Nilikisuuza asubuhi ile, kweli. Nilikuwa nimekisuuza kama mtu anayekitaka kiwe cheupe, si kama mtu anayekwenda kupima kitu. Kwa kila mwanamke anayebeba machicha, kiroba kikiwa cheupe ni kisafi.

Mchangani hapakuwa na wakazi. Palikuwa na wageni wa shughuli, na shughuli niliipika mimi.

Nilikikunja, nikakiweka chini ya meza, nikauza samaki siku tatu.

Sitajipaka mafuta: siku mbili za mwanzo sikuteseka. Nilijiambia magogo ni kuni tu zilizolowa, samaki atakaa popote penye maji. Kilichoniharibia ni karatasi. Siku ya tatu binti alinipitia mezani na taarifa yake fupi ya kupeleka wilayani, akanisomea kwa furaha sentensi aliyoiweka kwa ajili yangu: sauti zote zimehesabiwa mara mbili na msikilizaji mwenye uzoefu wa muda mrefu. Ndiyo iliyobeba taarifa nzima. Mtu akiuliza mna uhakika gani, jibu ni mimi. Nilikaanga wale samaki wa siku ile wakaungua upande mmoja.

Usiku ule sikuhesabu kitu. Asubuhi nikapiga hesabu ya kibiashara, kwa sababu ndiyo ninayoiamini. Trekta likivuta magogo, wale waliokuwa wanasema krrr siku sita mfululizo hawatakuwa na pa kusemea. Nitakuwa na njia ya hatua mia mbili na kumi inayonifikisha kwenye maji matupu. Niliirudia hesabu hiyo kama maharage, na mara zote mbili ilikuwa mbaya.

Kikao kilikuwa Kilosa, ofisini kwa bwana samaki. Tulikwenda na binti kwenye pikapu aliyoazima, kupitia kijiji cha Ulaya, barabara inayokuchambua mifupa. Kilosa ndiko nilikozaliwa, babu yangu aliletwa kukata mkonge na hakurudi kwao, kwa hiyo kila kona ilikuwa na mtu wa kumsalimia na mimi sikutaka kumsalimia mtu. Nilikuwa na mfuko mapajani. Binti aliniuliza kama ni mzigo wa kuwapelekea ndugu zangu. Nikasema ni wa kikao.

Mwenyekiti alikuwa ameshakaa, amevaa koti la kanisani. Bwana samaki, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alitandaza ramani iliyochorwa kwa mkono, na binti akasoma taarifa. Ilimchukua robo saa. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kila ilipotajwa Mchangani, kama anayesomewa matokeo ya mtihani ya mjukuu wake.

“Basi limekwisha,” bwana samaki akasema. “La Mchangani lifungwe. Mama, wewe uliyesikiliza, una la kuongeza kabla hatujaandika?”

Nikakitoa kiroba nikakiweka juu ya ramani.

“Nina la kupunguza,” nikasema.

Niliwaeleza yote, kuanzia machicha mpaka pindo. Nililigeuza nikawapa walinuse. Bwana samaki alinusa akarudisha kichwa nyuma.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

“Kwa hiyo samaki walikuja kunywa?”

“Walikuja kunywa, mzee.”

“Pombe ilipokwisha wakarudi makwao.”

“Wakarudi makwao. Magogo.”

“Na hili umekaa nalo siku ngapi?”

“Tatu. Na leo ni ya nne.”

Alivua kofia akaiweka gotini. “Binti yangu,” aliniambia mimi, na alikuwa amekasirika kweli, “mimi ningekaa nalo mpaka trekta limalize.”

Bwana samaki alicheka peke yake, akaacha. Mimi nilikuwa namtazama mtafiti. Alikuwa amefunga kompyuta na kuweka viganja viwili juu yake kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria. Nilijua alichokuwa amepoteza: siku sita za mto, wiki mbili za maharage, na taarifa aliyokwisha kuwaambia wakubwa wake iko tayari. Nilisubiri anitukane. Ningemjibu nusu tu.

“Magogo hatukuweka kiroba,” akasema hatimaye, taratibu, kwa wote. “Hata kingekuwa kipya kabisa. Dimbwi moja nimelitilia kitu, jingine sikulitilia. Hilo si lako, mama, ni langu. Nilipaswa kuliona siku ile ile.”

“Langu linanuka zaidi,” nikasema.

“Linanuka,” alikubali, na mdomo wake ukalegea kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya kazi ninayoijua. Bwana samaki alisema hakuna muda, mvua ziko karibu. Nikamwambia mvua haijaleta barua. Alitaka kutupa siku tatu; binti alihitaji sita; tukabaki kwenye sita kwa sharti kwamba vyombo vinaingia Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu safari hii hakuna machicha wala migono kwenye dimbwi lolote mpaka sikio litoke.

“Siku sita vijana wangu wakatege wapi? Kwenye mitaro ya miwa?”

“Juu, kwenye daraja. Mimi nitawafuata huko huko.”

“Wewe? Na miguu yako hiyo inayohesabu hatua?”

“Nitahesabu nikiwa nakuja.”

Alivaa kofia yake. “Sita,” akasema. “Ya saba mgono wangu unaingia, hata kama hilo sikio bado linasali.”

Tulirudia. Viroba viwili vipya kutoka dukani, ambavyo havijawahi kuonana na pombe. Mchanga wa mahali pamoja, kilo sawa kwa sawa, kimoja kila dimbwi. Nilivigeuza mwenyewe ndani nje, nikapitisha kucha kwenye mapindo. Binti alisimama pembeni akiandika kila nilichofanya, na aliandika hata nilipopiga chafya.

Siku sita zile niliwafuata vijana darajani kama nilivyoahidi, na kila siku nilikuta wachuuzi wengine wameshatangulia. Mmoja aliniuliza kama nimepotea njia. Nilichukua waliobaki, wembamba, nikawakaanga mpaka wakakauka ili wasionekane wembamba.

Safari hii baraza ya binti ilijaa watu. Bwana samaki alikuja kutoka Kilosa akasikiliza kwa zamu. Mchangani palikuwa na mchele unaopepetwa, kiboko wetu, na mkwaruzo wa hapa na pale wa mpita njia. Magogo walikuwapo, siku ya kwanza, ya pili, ya sita. Krrr chini ya shina, krrr kutoka upande wa mizizi, wakijibizana. Isipokuwa mto hauna adabu ya kumpa mtu mmoja ushindi wote: pembezoni mwa Mchangani, penye maji ya magotini, tulisikia ndoo zikigongwa mfululizo. Perege madume, wakipigania sehemu za viota.

Dimbwi la Magogo likafungwa, na magogo yake ndani. Mchangani pakaachwa wazi, ila wavu usikokotwe kwenye yale maji ya magotini. Mwenyekiti aliweka sahihi kwa herufi kubwa zilizoegemeana, na njiani alininyima salamu kwa mwezi mzima. Nikimpa shikamoo anaipokea, maana hakuna mtu mzima anayeikataa shikamoo, lakini anaipokea akiangalia mbuzi.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mgumu, sitaupamba. Nusu saa kupita kwenye miwa, nusu saa na robo kurudi. Machicha hayakuwa na kazi, kwa sababu Mchangani wanavua kwa wavu na wavu haulishwi. Nilijipanga foleni kama kila mtu, na nilijifunza kwamba walionitazama mgongoni miaka yote ile walikuwa na mengi ya kuusemea. Wateja wawili wa hoteli walihamia kwa mwingine. Mara nyingi, nikiwa katikati ya miwa na tenga limenielemea, nilimkumbuka yule mama aliyeweka kiroba juu ya ramani na kumwona mjinga.

Mwaka huu, mvua zilipopungua na mto ukarudi kwenye kingo zake, binti alirudi na sikio lake. Sasa anaandika tasnifu, amenenepa kidogo, na anajua kukata bei. Alinikuta Mchangani asubuhi, kwenye foleni, akanivuta mpaka kwenye mpaka wa Magogo, pale walipopigilia nguzo mbili nyeupe. Akashusha kidude kile cheusi majini, akanivalisha spika.

Walikuwapo wale wakubwa, wazito, ninaowajua. Lakini juu yao kulikuwa na kitu kingine ambacho kwanza nilidhani ni wadudu: krii, krii, krii, nyembamba, nyingi, zinapandana, hazingojani zamu.

“Nini hawa?” nikamwuliza.

“Wewe niambie.”

Nikafumba macho. Mkwaruzo ni ule ule. Mwiba ndio mdogo.

“Watoto,” nikasema.

“Mwili mdogo, sauti nyembamba. Kiangazi kile hatukuwasikia kabisa.” Kisha akajizuia, kama kawaida yake. “Bado ni asubuhi moja tu, mama. Nitahitaji nyingine nyingi.”

Mwenyekiti alikuwa kwenye mtumbwi wake chini kidogo ya nguzo, anatega mgono kwenye mkondo unaotoka Magogo, upande unaoruhusiwa, pale samaki wanapochungulia nje. Siku hizi anapata wachache pale, lakini wanono. Alikuwa ameona nimefumba macho.

“Wanasemaje hao?” akapiga kelele.

“Wako wengi, mzee. Wadogo wadogo. Wanagombana.”

“Wadogo kiasi gani?”

Nikamwonyesha kidole kimoja, nusu yake.

Alikaa na mgono magotini, anautazama ule mdomo wake, matundu aliyoyasuka mwenyewe, ambamo samaki wa kidole kama kile asingepita bila kunaswa. Kisha akashika upondo, akasukuma mtumbwi taratibu kushuka chini, mbali na nguzo, mara moja, mara ya pili, mpaka alipoona panatosha. Hakuna sheria iliyomtaka. Akauzamisha mgono huko, akafunga kamba kwenye matete, akageuka.

“Wewe mama wa machicha,” akaita. “Huo mgono una njaa. Kesho unakuja na nini?”

“Inategemea tenga langu linakaa wapi.”

“Litakaa mbele,” akasema.

“Mbele ya nani?”

“Usianze.”

Nikavua spika, nikamrudishia binti, nikashuka ukingoni tuelewane.